Nyumba Inaanzia Wapi

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na baba anayenyonyesha, na kwa sababu hiyo darasa zima lilinicheka. Kwa Ekegusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Mwalimu Ouma, aliyetufundisha Kiswahili darasa la tano kule Manga, alitutaka tuandike insha fupi juu ya jamaa zetu, nami nikaandika kwamba baba yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na alikuwa akimnyonyesha. Mwalimu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaisoma tena kimoyomoyo, halafu akatoka nje. Tulimsikia akicheka peke yake kando ya tangi la maji. Aliporudi alikuwa amejifuta macho. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba angefurahi sana kukutana na huyo baba.

Naanza na kichekesho hicho kwa sababu ndicho kilichonifungua macho. Kabla ya hapo nilidhani neno limeota juu ya kitu chake kama nywele zilivyoota kichwani. Kumbe linaweza kuvuliwa hapa na kuvishwa pale, kama sweta. Lakini kosa la namna hiyo lina dawa nyepesi. Ukikosea neno baba, mtu atanyoosha kidole na kukuonyesha: ni huyu, si yule. Neno lililonisumbua baadaye halikuwa na wa kunyooshewa kidole, na ndilo ninalotaka kulisimulia. Ili msomaji asipotee, mama yangu nitamwita Mama, na baba yangu nitamwita Tata, kama tulivyomwita.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, yenye vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na mafiga na viti, cha nyuma kilikuwa na kitanda cha wazazi wangu. Ilisimama chini ya nyumba ya sokoro, yaani babu yangu mzaa Tata, na kati ya nyumba hizo palikuwa na migomba na njia ya utelezi. Kila jioni sokoro aliteremka njia hiyo taratibu kwa fimbo yake, akaja kuketi kwenye kigoda mbele ya mlango wetu. Chai yake aliinywea hapo. Mahindi yake ya kuchoma aliyatafunia hapo. Mama alizungumza naye akiwa ndani, naye alimjibu akiitazama migomba. Aliyebeba kikombe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni mimi. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kumwona akiingia.

Jambo hilo halikunishangaza, kama ambavyo hakuna anayeshangaa kwamba kuku haogelei. Lilianza kunishangaza siku Mwalimu Ouma alipotufundisha nomino dhahania. Alisema ni majina ya vitu visivyoonekana wala kushikika: upendo, uchoyo, njaa. Kijana mmoja wa nyuma alipinga kwamba njaa yeye anaijua vizuri sana, hata wakati ule alikuwa nayo. Mwalimu akamwambia ailete basi aiweke mezani, sisi wengine tuione. Tulipomaliza kucheka alitutuma nyumbani tukatafute majina ya namna hiyo katika lugha ya kwetu, tuje tuyatafsiri.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Kwetu mzazi na mwanawe wana mipaka mingi, lakini babu na mjukuu hawana hata mmoja. Sokoro aliniita mke wangu, akalalamika mbele ya wageni kwamba ameoa mtu asiyejua kusonga ugali, nami nilimjibu kwamba sikuwahi kukubali kuolewa na mtu asiye na meno. Jioni ile nilimweleza kazi tuliyopewa. Alifikiri huku akizungusha chai kikombeni.

"Mpelekee nsoni," akasema. "Tuone atafanyaje."

Mwalimu Ouma alifanya vizuri, kwa kweli. Alifungua kamusi, akafurahi kama aliyeokota kitu njiani. Akatuambia Kiswahili nacho kina neno soni, na maana yake ni aibu, haya. Neno limevuka milima, alisema, limepoteza herufi moja tu njiani. Nililipeleka jibu hilo nyumbani kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe.

"Sokoro, ni aibu gani unayoiona, hata huingii kwetu?"

Alicheka mpaka kifua kikamshika. Kifua chake kilikuwa kibovu. Mwaka uliotangulia mvua ilimnyeshea njiani akitoka sokoni, akalala kitandani mpaka watu wakaanza kuongea kwa kunong'ona, na zahanati walipomruhusu walituonya kwamba baridi nyingine kama ile hataiweza. Kikohozi kilipotulia alisema, "Aibu ni ya mtu aliyekwisha kufanya. Mimi nimefanya nini?"

Basi nsoni ni nini? Aliinua fimbo, akauonyesha mlango wetu, kisha akajionyesha yeye mwenyewe, kisha nafasi iliyo kati. Niliitazama kwa makini nafasi hiyo. Kuku mmoja alipita.

Magokoro, bibi yangu, hakuwa na mafumbo. Aliniambia huku akimenya ndizi kwamba mwanamume haingii mahali mwanawe anapolala na mkewe. Akiingia, ebirecha, yaani mizimu ya wazee wetu waliotangulia, hawampigi yeye aliyekosa. Wanampiga aliye mdogo kuliko wote katika nyumba hiyo. Alilisema hilo kama mtu anavyosema kwamba moto unachoma, akachukua ndizi nyingine. Mdogo kuliko wote katika nyumba yetu alikuwa ndugu yangu Onsongo, yule mtoto wa insha, ambaye bado alikuwa hajui hata kukaa.

Sikuogopa. Nilitaka kujua. Kama kitu hicho kipo kati ya mlango na sokoro, niliwaza, basi lazima kina mahali kinapoanzia, na mahali hapo panaweza kutafutwa. Kwa hiyo nikaanza kukisogeza kigoda. Jioni moja nilikiweka karibu na mlango kidogo kuliko kawaida. Sokoro aliketi bila neno. Jioni nyingine nilikiingiza chini ya upenu. Akaketi. Nilipokifikisha kwenye kizingiti, magoti yake yakawa karibu kugusa mwimo wa mlango, na Mama, akiwa ndani, alilazimika kuzunguka nyuma ya mafiga ili asikutane naye uso kwa uso.

"Mke wangu," sokoro aliniuliza, "unanipima kama shamba?"

Jioni iliyofuata nilikiweka kigoda miguu miwili ndani, miwili nje. Alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akainama, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake, akakiinua na kukirudisha chini ya upenu.

"Kwa hiyo nyumba inaanzia hapo?" nikauliza.

"Inaanzia wapi mimi sijui," akasema. "Najua pa kusimama."

Mama aliniita ndani, akaniambia nimwache mzee anywe chai yake.

Mvua ya mawe ilikuja Ijumaa moja ya likizo. Mama alikuwa akipika vya Sabato, Tata alikuwa amepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia, na sokoro alikuwa ameteremka mapema kwa sababu magokoro alikuwa akifagia na alimfukuza. Wingu lilitokea upande wa ukingo wa Manga, jeusi chini na jeupe juu. Kwanza yalianguka mawe madogo kama punje za mahindi, yakarukaruka uani, nikacheka. Kisha yakaja makubwa. Mabati yalipiga kelele ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo. Majani ya migomba yalichanika huku nikiyatazama, ukanda baada ya ukanda.

Sokoro alisimama, akaubandika mgongo kwenye ukuta chini ya upenu. Mwanzoni upenu ulimtosha. Halafu upepo uligeuka, ukayaleta mawe kwa ubavu. Niliona fimbo ikianguka. Niliona koti lake likiwa jeusi kwa maji, na mkono wake umefunika kichwa. Kupanda hadi kwake hakungewezekana, kwa sababu njia ilikuwa imekwisha kugeuka mto.

Mama alikuja hadi mlangoni na Onsongo mgongoni. Alimwita kwa jina la heshima, "Omogaka, ingia." Hakusikia, au alisikia. Akamwita tena kwa sauti kubwa. Sokoro alitikisa kichwa bila kugeuka. Mama alinyoosha mkono, ukafika karibu na bega lake, ukarudi. Hata kumgusa alikuwa haruhusiwi. Ninaukumbuka mkono huo kuliko ninavyoukumbuka uso wake. Mlango ulikuwa wazi, moto unawaka ndani, mzee anatetemeka nje, na kati yao hapakuwa na kitu chochote ambacho mtu angeweza kukiondoa.

Mimi ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kumshika, kwa hiyo nilitoka nikamshika. Mkono wake ulikuwa baridi kama jembe la asubuhi. Aliniambia niingie ndani. Nikamwambia aingie yeye. Mawe yalinipiga masikioni, nikaanza kulia, na bado sikumwachia.

Hapo ndipo magokoro alipotokea kwenye migomba, beseni kichwani, mawe yakilia juu ya beseni kama ngoma, miguu ikimteleza. Aliangalia mara moja tu, akaelewa. Alimpita mumewe, akaingia ndani, akamwambia Mama, "Kitanda kitoke."

Mama hakuelewa.

"Nyumba ni kitanda," magokoro akasema. "Kitanda kikitoka, hii ni ghala. Ghalani mzee anaingia."

Kitanda hicho fundi alikuwa amekitengenezea humo humo chumbani, na hakikuwahi kupita mlangoni. Magodoro na mablanketi yalirundikwa karibu na mafiga. Onsongo alifungwa mgongoni kwangu. Kitanda kilikwama kwenye mlango wa chumba, kikageuzwa, kikakwama tena, na magokoro, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mpole, alikitukana kwa maneno niliyoyaelewa baada ya kuolewa. Mguu mmoja ulivunjika. Mwishowe kilitoka, wakakisukuma mpaka katikati ya uani, na mawe yakaanza kujaa juu ya mbao zake.

Sokoro alikitazama kitanda. Akamtazama mkewe. Kisha akavuka kizingiti, akaketi kando ya moto.

Mama aligeuka upande wa ukuta, akamwekea chai chini, si mkononi. Magokoro alimvua koti, akamfunga blanketi. Nami nilimtazama tu, kwa sababu kumwona ndani kulifanya nyumba yetu ionekane ngeni, kama neno ukilirudia mara nyingi mpaka likapoteza maana. Baada ya muda aliinua macho kidogo, si kuelekea chumba cha nyuma, bali juu, kwenye nguzo ya kati.

"Huu ni omosocho?" akauliza, akitaja jina la mti. Kisha akajijibu. "Ni omosocho. Niliukata mwenyewe kule bondeni. Haujaliwa na mchwa."

Ndivyo nilivyojua kwamba nyumba ile aliijenga yeye, kwa ajili ya ndoa ya Tata, na kwamba tangu ndoa hiyo hakuwa ameiona ndani.

Mawe yalikoma. Kisha tukasikia kilio.

Bosibori, jirani yetu wa chini, alikuwa ametoka kutazama chai yake iliyoharibika, akainua macho, akaona kitanda uani kwetu. Kwetu kitanda kilichotolewa mchana namna ile kina maana moja tu: nyumba inafanyiwa nafasi, kuna maiti. Naye alijua ni nani katika boma letu mwenye kifua kibovu. Aliweka mikono kichwani, akaupanda mteremko akimlilia sokoro kwa jina, na wengine wakatoka kwenye mashamba yao wakamfuata. Alilia jinsi marehemu alivyokuwa mkarimu. Alilia jinsi alivyokuwa hana ugomvi na mtu. Mama alikimbilia mlangoni kumnyamazisha, lakini sokoro aliinua kidole.

"Mwacheni kwanza," akasema. "Juzi aliniita mchoyo kwa sababu nilimnyima fahali wangu. Nataka nijue amenisamehe kiasi gani."

Magokoro hakucheka. Alisema mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima ajitokeze mwenyewe, upesi, aonekane kwa macho, kwa sababu kilio kikizoea jina hakiliachi. Sokoro akaacha kutabasamu. Alielewa, na hata mimi nilielewa. Ili aonekane yuko hai, ilikuwa lazima watu wamwone akitoka kwenye mlango wa nyumba ya mwanawe.

Alikaa kidogo. Kisha alisimama, akatoka.

Kilio kilikatika kana kwamba kimekatwa kwa panga. Bosibori alibaki mdomo wazi. Nadhani kwa dakika hiyo angemwelewa vizuri zaidi kama angekuwa amekufa. Macho yake yalitoka kwa mzee yakaenda kwenye mlango nyuma yake, yakarudi. Wanawake wawili walijifunika midomo kwa khanga.

Sokoro aliiokota fimbo yake, akaielekeza uani. "Kitanda kiko nje," akasema.

Kila mtu akakigeukia kitanda, chenye mguu uliovunjika na mawe yamelundikana juu yake. Ndipo, wakiwa wamesimama kwenye barafu miguu mitupu, majirani zetu wakaanza kubishana. Mume wa Bosibori alisema ni sawa, nyumba bila kitanda ni kuta tu. Mzee mwingine alisema hapana, nyumba ni mafiga, na mafiga yamo. Mwanamke mmoja alisema nyumba ni mama mwenye nyumba, kwa hiyo angetoka yeye kwanza. Bosibori, ambaye hakuwa amepata pa kuiweka huzuni yake, alisema nyumba ni mlango, na mlango ameuona kwa macho yake. Niligeuza kichwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Watu hawa wote waliijua nsoni tangu utoto, walikuwa hawajawahi kuikosea, na hakuna wawili waliokubaliana iko wapi.

Tata alifika katikati ya ubishi huo. Alikuwa amekisikia kilio akiwa barabarani, akakimbia. Aliona watu, kitanda chake kimetolewa, na mimi nimesimama bila mtoto mgongoni, kwa kuwa Mama alikuwa amekwisha kumchukua, naye yuko ndani. Uso wake sitaueleza. Sokoro alipomwona alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Alimwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia upesi, "Wote tupo. Mtoto yupo. Ni mimi niliyekuwa nanyeshewa."

Tata alikaa chini kwenye barafu, pale pale.

Wiki iliyofuata Onsongo aliugua. Alianza na homa, kisha pumzi yake ikawa fupi na yenye sauti. Mama alisali, akambeba hadi zahanati, wakasema ni homa ya mapafu, wakampa dawa. Magokoro hakusema lolote, na kwake yeye kutosema kulikuwa neno zito. Sokoro aliacha kuja. Jioni zilifika, chai ikachemka, kigoda kikakaa peke yake chini ya upenu. Mtu aliniambia kwamba huko juu hali chakula, anamwuliza kila mpitaji kama mtoto ameamka.

Nilikuwa nikikaa karibu na Onsongo nikizisikiliza pumzi zake. Nilizoea kuiwaza nsoni kama kitu cha kutafutwa, kama mpaka wa shamba. Sasa ilikuwa na uzito. Ilikuwa kifuani kwa mtoto, ilikuwa kwenye kigoda kitupu, ilikuwa huko juu katika nyumba ya mzee aliyekuwa akijihesabia kosa ambalo wote tulimwomba alifanye.

Asubuhi moja Onsongo alinyonya, akalala, akaamka akanyonya tena. Mama alinituma juu.

"Mwambie omogaka mtoto amenyonya," akasema. Nilikuwa nimekwisha kuanza kukimbia aliponiita tena. "Mwambie na chai ipo."

Nilimkuta ameketi mlangoni kwake. Nilimpa habari. Aliitafuta fimbo yake kwa mkono, ingawa ilikuwa mbele ya macho yake. Nilimtangulia kuteremka, nikafika uani kabla yake, nikakiona kigoda chini ya upenu, mahali nilipokuwa nimekisogeza mwenyewe kwa ujanja wangu wote. Nilikichukua. Nilikipeleka mpaka mahali pake pa zamani, karibu na kibanda cha kuku, nikakifuta kwa gauni. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Sokoro alifika, akakiona kigoda. Alinitazama kidogo, akaketi. Hakunitania siku hiyo. Nilimpelekea chai, na kwa sababu ya umbali ilifika imepoa kidogo, na hakulalamika.

Shule ilipofunguliwa Mwalimu Ouma alinikumbusha kazi yangu. Nikamwambia aibu haikutosha, na haya haikutosha, lakini ningeweza kueleza kilichotokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kucheka hata nilipofika kwa Bosibori. Kisha akasema, kana kwamba anajiambia mwenyewe, kwamba huko kwao kando ya ziwa baba yake naye hajawahi kuingia nyumbani kwa mwanawe. Akaliandika nsoni ubaoni, akachora mstari chini yake, na mahali pa tafsiri akapaacha wazi.

Nimeishi Gesima, nilikoolewa, miaka mingi sasa, na mambo ya ukoo wetu huulizwa mimi, kwa hiyo najaribu kuyaweka kama yalivyokuwa. Nimewauliza wazee wa Manga na wa huku kama ni kweli kwamba nyumba ni kitanda. Wachache wamekubali. Wengi hawajawahi kusikia. Ninaamini magokoro aliitunga sheria hiyo chini ya beseni, akiteremka kwenye migomba. Kuhusu homa ya Onsongo, Mama mpaka leo anasema ni baridi ya siku ile, mlango ukiwa wazi na mtoto akitolewa mgongo huu na kutiwa mgongo ule. Magokoro alifariki bila kubadili mawazo yake. Mimi nilikuwepo, niliona yote mawili, na sina la kuongeza.

Onsongo mwenyewe, ambaye hakumbuki lolote, sasa ana kazi mjini Nyamira na amepanga nyumba ghorofa ya pili, sebule na chumba kimoja. Mwaka huu Tata alitakiwa kupimwa macho hospitalini asubuhi na mapema, ikabidi alale kwa mwanawe. Nilimsindikiza. Njia nzima nilikuwa nikiwaza atakavyosimama mlangoni, na jinsi mtu atakavyokitoa kitanda kwenye ghorofa. Lakini alipofika alivua viatu, akaingia sebuleni kama mtu yeyote, akaketi kwenye kochi, akamwuliza wifi yangu Akinyi habari za watu wa kwao huko ziwani. Nilishusha pumzi. Nilikiri moyoni kwamba jambo hilo limekwisha, na nilishangaa kuona linanihuzunisha.

Kwamboka, binti wa Onsongo, alikuwa akicheza mpira na Tata, akiurusha kutoka kwenye zulia. Mpira ulimpita babu yake, ukabingirika chini ya pazia lililotenga sebule na chumba cha kulala. Tata aliinuka kuufuata. Alifika kwenye pazia akasimama. Mkono wake ulikuwa umeinuka, vidole vimekaribia kitambaa bila kukigusa, na nikaujua mkono ule. Pazia lilikuwa jepesi, la maua, na feni ilikuwa ikilipeperusha. Akinyi, aliyekuwa na sufuria mkononi, alisimama pia.

"Guka, chukua tu," Kwamboka akamwambia, kwa neno la mjini la kumwita babu, alilolitoa kwa wenzake. "Hakuna kitu hapo."

"Kipo," Tata akasema.

Kwamboka alikwenda, akachungulia chini ya pazia, kulia na kushoto. "Sioni."

"Umeniona nimesimama?"

"Ndiyo."

"Basi umekiona."

Mtoto alimtazama babu yake, akalitazama pazia. Kisha alipita chini yake, akauleta mpira, akarudi nao mpaka kwenye zulia, mbali na pazia kuliko alipokuwa mwanzo, na hapo ndipo alipouweka chini na kuanza kucheza tena.